HABA NA HABA, BANDU BANDU: SOMO LA TOPE LA PWANI

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha Kidato cha Pili habari za mito, kijana mmoja wa madawati ya nyuma aliinua mkono akaniuliza: "Mwalimu, ikiwa mito hubeba udongo mchana na usiku tangu dunia ianze, mbona bahari haijajaa? Na ikiwa bahari hula nchi kila siku, mbona nchi haijaisha?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana swali hilo lafanana sana na lile nililoulizwa na mjomba wangu, mtu asiyejua kusoma, akiwa amesimama kando ya shamba lake huku ukingo wa mto ukimeguka mbele ya macho yake. Kengele ililia kabla sijamjibu kijana yule. Mhariri wa gazeti letu amenipa nafasi, basi namjibu hapa, nami natumaini kwamba hata wazazi watakaosoma watapata faida, hasa wale wakaao karibu na maji ya chumvi.

Jibu fupi limo katika methali mbili ambazo kila mtoto anazijua. Ya kwanza ni Haba na haba hujaza kibaba. Ya pili ni Bandu bandu huisha gogo. Nchi ya pwani hujengwa kwa methali ya kwanza na huvunjwa kwa methali ya pili, na kazi hizo mbili hufanywa siku moja na maji yale yale. Tukitaka kujua kama nchi hiyo inakua au inaisha, haitoshi kutazama kinachoingia tu, wala kinachotoka tu. Hatuna budi kufanya hesabu ya vyote viwili, kama mwenye duka afanyavyo jioni.

Mahali penyewe

Mimi nilizaliwa katika delta ya Rufiji. Mto huo hukusanya maji ya karibu sehemu moja katika tano ya Tanzania Bara, mengine yakitoka mbali sana kwa njia ya Ruaha Mkuu na Kilombero. Ufikapo baharini, mahali paelekeapo kisiwa cha Mafia, hugawanyika ukawa mikono mingi. Katikati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko upatao hekta 50,000, mmojawapo wa misitu mikubwa kabisa ya mikoko katika pwani ya Afrika Mashariki. Nchi yote hiyo, tangu mizizi ya mkoko hata shamba la mpunga, ni tope lililoletwa na maji.

Tope hilo si jambo la kudharauliwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilikimbilia ndani ya delta ikajificha. Manowari kubwa za Waingereza ziliifuata, lakini hazikuweza kuingia kwa sababu ya uhaba wa maji juu ya mafungu. Ikabidi ziletwe meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, nazo ndizo zilizoipiga mwezi wa Julai 1915. Basi meli kubwa za vita zilizuiwa na chembe ambazo moja moja huwezi kuziona kwa macho.

Mikoko haivumilii baridi kali. Kwa hiyo katika pwani za Uingereza, Uholanzi na kaskazini mwa Marekani, vinamasi vya maji ya chumvi havina miti. Vimejaa nyasi na mimea minene yenye kustahimili chumvi, jamaa ya ile tuionayo sisi katika majangwa ya chumvi nyuma ya mikoko. Mimea ni mbali mbali, lakini hesabu ya tope ni moja.

Jinsi tope linavyotua

Chukua maji ya mto wakati wa masika. Ndani yake mna chembe za namna tatu. Kubwa ni mchanga. Za kati ni tope laini kama unga. Ndogo kabisa ni udongo wa mfinyanzi, ambao chembe yake moja haifikii upana wa sehemu ya mia tano ya milimita.

Katika maji yaliyotulia kabisa, chembe ya mchanga yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita huzama kina cha mita 1 kwa dakika zipatazo 2. Chembe ya tope yenye upana wa sehemu ya mia ya milimita hutumia saa zipatazo 3 kuzama kina hicho hicho. Na chembe ya mfinyanzi yenye upana wa sehemu ya elfu ya milimita hutumia siku zipatazo 12.

Sasa tazama shida iliyopo. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili katika kila saa 24 na dakika 50. Maji yakiisha kujaa husimama kitambo kidogo tu, kisha huanza kurudi. Chembe inayohitaji siku 12 itatuaje katika kitambo hicho? Kwa hesabu hiyo mfinyanzi wote ungalikwenda zake katikati ya bahari, na delta isingalikuwapo.

Kinachotuokoa ni chumvi. Kila chembe ya mfinyanzi ina umeme kidogo juu ya ngozi yake, na kwa kuwa umeme wa zote ni wa namna moja, chembe husukumana wala hazikaribiani. Katika maji ya mto hukaa hivyo, kila moja peke yake. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi, na chumvi huupunguza nguvu umeme ule. Chembe zikigongana sasa hushikamana, zikawa vibonge. Kibonge ni kizito kuliko chembe moja, nacho huzama upesi zaidi mara nyingi. Ndiyo maana tope hutua kwa wingi hasa pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari.

Msiniamini kwa maneno tu. Twaeni chupa mbili nyeupe, mzijaze maji ya mvua, mtie katika kila moja udongo wa mfinyanzi kiasi cha nusu kijiko cha chai. Chupa moja itieni pia kijiko cha chumvi. Zitikiseni zote mbili, mziweke dirishani, kisha mtazame ni ipi itakayokuwa safi kwanza.

Lipo na jambo la pili. Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa Uswidi, Filip Hjulström, alieleza kwamba maji yaendayo polepole yaweza kuendelea kubeba chembe ya mfinyanzi, lakini chembe hiyo ikiisha kutua na kushikana na wenzake, maji yale yale hayawezi kuinyanyua tena. Huhitaji kasi kubwa zaidi, hata kuliko ile inyanyuayo mchanga. Ni kama mgeni mwenye mizigo mingi: kumkaribisha ni rahisi, kumtoa ni kazi. Kwa hiyo maji yajaayo huingia na tope, yakarudi yameliacha jingine nyuma, na siku ya pili mambo huwa yale yale.

Kazi ya mimea

Jambo la tatu ni mimea. Mkoko husimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyejikongoja kwa magongo mengi. Mchu huchomoza vijiti vyake vya kupumulia juu ya tope, mamia kwa mamia. Maji yapitayo hapo hujigonga huku na huku mpaka yaishe kasi, na maji yasiyo na kasi hushusha mzigo wake. Chini ya ardhi mizizi hulifunga tope kama ukili ufungavyo mkeka.

Nguvu ya mimea hiyo imepimwa. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliweka vyombo vya kupimia mawimbi huko Stiffkey, katika pwani ya Norfolk, Uingereza, ambako kuna kinamasi cha majani kilichotanguliwa na uwanda mtupu wa mchanga. Waliona kwamba mawimbi yakipita juu ya mchanga hupoteza wastani wa asilimia 29 ya nguvu zake. Yakipita mwendo kama huo juu ya majani hupoteza asilimia 82. Watu wa pwani ile wana sababu ya kupima mambo hayo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953 dhoruba iliisukuma Bahari ya Kaskazini juu ya kuta zao, wakafa watu 307 katika Uingereza, na katika Uholanzi watu 1,836. Tangu miaka ya 1990 Waingereza wamebomoa kwa makusudi baadhi ya kuta za zamani katika jimbo la Essex, ili maji yaingie tena na tope lijenge kinamasi kipya mbele ya kuta za ndani.

Jinsi tope linavyotoka

Sasa tugeukie methali ya pili. Mtu hudhani kwamba bahari ikitaka kula kinamasi hukifunika kwa juu. Kumbe aghalabu hukila kwa ubavuni. Wimbi na mkondo huchimba chini ya ukingo, ukingo hubaki ukining'inia kama paa lisilo na nguzo, kisha siku moja ya bamvua hudondoka pande zima. Juu ya kinamasi tope laweza kuwa linaongezeka, na wakati huo huo ukingo wake unarudi nyuma. Mtu asimamaye katikati ataona neema, na asimamaye ukingoni ataona msiba, na wote wawili wasema kweli.

Mambo matatu huzidisha hasara. La kwanza ni kukatwa kwa mimea. Mizizi ikifa huoza, na lile tope lililofungwa hulegea na kushuka.

La pili ni kupungua kwa tope kutoka juu ya mto. Mto Nili ulikuwa ukiteremsha zaidi ya tani milioni 100 za tope kwa mwaka. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, karibu tope lote lilibaki nyuma ya bwawa, na rasi ya Rashidi, penye mlango mmojawapo wa mto, ikaliwa na bahari kwa haraka hata Wamisri wakalazimika kujenga kuta za kuikinga. Sisi nasi sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji mwezi wa Desemba 2022. Umeme wake twauhitaji, wala sisemi kwamba ya Misri yatakuwa yetu vile vile. Nasema tu kwamba maji yaliyosimama hutua mzigo wake, bwawani kama katika chupa zenu, na kwa hiyo hesabu ya tope chini ya bwawa haiwezi kubaki kama ya zamani. Inafaa watu waanze kupima tangu sasa.

La tatu ni kupanda kwa bahari yenyewe. Tangu mwaka 1901 hata 2018 bahari za dunia zimepanda wastani wa sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 zilipanda milimita 3.7 kila mwaka. Hapo kinamasi kina hekima yake. Kikiwa juu sana, maji hukifikia mara chache, nacho hupata tope kidogo. Bahari ikipanda, maji hukifunika mara nyingi zaidi, nacho hupata tope zaidi kikainuka. Hivyo hufuatana na bahari kama mtoto amfuataye mama yake sokoni. Lakini tope likiwa haba au mimea ikiwa imekwisha, mtoto huachwa nyuma.

Unga wa tofali

Nimeahidi kueleza habari za mjomba. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji ya Rufiji iligeukia midomo ya kaskazini. Huko maji yakawa matamu zaidi, na watu wengi walihamia ili kulima mpunga. Mjomba alikuwa mmoja wao. Walikata mikoko, wakaiacha ikauka, wakapanda mpunga kati ya visiki. Misitu hiyo ni hifadhi ya serikali, nami sisemi haya ili kumshitaki mzee wangu. Alikuwa na watoto saba, na mpunga wa miaka ya kwanza ulitulisha hata sisi wapwa zake. Karo yangu ya shule ilitoka humo. Baadaye magugu yakazidi, kaa wakakata miche, chumvi ikarudi, shamba likaachwa, akafyeka jingine. Alikata mpaka ukingoni mwa mto, apate mahali pa kufikishia mtumbwi.

Mwaka juzi, katika likizo ya Juni, nilisaga vipande vya tofali nyekundu nikapata unga wa kujaza debe, nikaenda nao nyumbani. Maji yalipokupwa niliumwaga mahali patatu, kila mahali kiasi cha mkeka mmoja: chini ya mikoko iliyosimama, katikati ya shamba lililoachwa, na ukingoni. Wanakijiji walisema elimu imeniharibu akili. Desemba nikarudi na kisu.

Chini ya mikoko nilikata tope kama mtu akatavyo mkate wa kumimina. Mstari mwekundu ulionekana vizuri, umefunikwa na tope jipya la unene wa sarafu mbili zilizowekwa pamoja. Katika shamba lililoachwa unga ulikuwa umetawanyika, mizizi ya visiki imebaki wazi, tope lililokuwa limeifunika limekwenda. Ukingoni sikukuta unga. Sikukuta hata ukingo wenyewe nilioumwagia unga.

Mjomba alikuja akasimama karibu nami.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe uliyesoma. Maji haya haya yaliyoleta tope hili, mbona sasa yanalichukua? Na tope langu limekwenda wapi?"

Nilimwonyesha ng'ambo ya mto. Palikuwa na fungu jipya ambalo katika utoto wangu halikuwapo, na juu yake miche ya mchu imeanza kuota, majani mawili mawili.

Alitazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Kumbe nimemlimia mwingine."

Sikuwa na la kumwongezea. Katika maneno yale machache mjomba alikuwa amekwisha kujibu swali la yule kijana wa Kidato cha Pili. Bahari haijajaa, na nchi haijaisha, kwa sababu tope halipotei, huhama. Likitoka kwako hutua kwa jirani au huzama mahali pa kina. Lakini jibu hilo linalotosha kwa dunia nzima halimtoshi mtu mwenye shamba moja. Dunia haipati hasara ukingo ukihama. Mwenye nyumba ukingoni ndiye apataye.

Jioni ile tulikubaliana mambo mawili. Ukingoni mwa shamba alilobaki nalo hatakata tena, ataacha ukanda wa miti wa hatua 30, na mtumbwi ataufikisha mahali pamoja tu. Na mahali palipomeguka tutapanda miche ya mchu na mkoko. Tulianza kuipanda kesho yake pamoja na watoto. Mingine ilikwenda na maji ya bamvua, mingine ililiwa na kaa, nayo iliyobaki imeshika. Tofali jingine nimekwisha kulisaga, liko tayari kwa likizo ijayo.

Maswali ya kujaribu wakati wa likizo

1. Fanya jaribio la chupa mbili. Andika saa uliyoanza na saa ambayo kila chupa ilikuwa safi. Eleza sababu ya tofauti uliyoiona.

2. Kwa nini maji yaendayo polepole yaweza kubeba mfinyanzi lakini hayawezi kuunyanyua ukiisha kutua?

3. Ikiwa kinamasi kinapata tope la milimita 2 kwa mwaka, na bahari inapanda milimita 3.7 kwa mwaka, kitakuwa kimeachwa nyuma kwa sentimita ngapi baada ya miaka 50?

4. Waulize wazee wa kwenu, iwe pwani, ziwani au kando ya mto: ukingo ulikuwa wapi walipokuwa watoto? Chora ramani mbili, ya zamani na ya sasa, uzilete shuleni muhula utakapofunguliwa.

Nawatakia likizo njema.

Mwalimu wa Jiografia